HEF kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: fomu ni nyepesi, bendi ndiyo yenye kazi

Mwanafunzi wa Kenya aliyeitwa chuo kikuu cha umma na KUCCPS, shirika la serikali linalopanga wanafunzi vyuoni, hana milango mingi ya kubisha akitaka pesa za serikali. Ni mmoja tu, tovuti ya hef.co.ke, ya HEF, mpango wa serikali wa kufadhili elimu ya juu. Nyuma yake kuna ofisi mbili zenye kazi tofauti: Hazina ya Vyuo Vikuu, inayotoa ufadhili usiorudishwa, na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB ya siku zote, inayokopesha. Mpango wenyewe ulitangazwa Mei 2023 na kuanza na waliofanya KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya upili, ya 2022. Mahakama Kuu iliuharamisha tarehe 20 Desemba 2024, Mahakama ya Rufaa ikasitisha uamuzi huo mwaka 2025, na maombi yakaendelea kupokelewa.

Tukiutazama kama huduma, fomu tunaipa 8 kwa 10. Upangaji wa bendi, yaani makundi ya uwezo wa familia, tunaupa 4, na sababu tutazieleza kwa urefu kwa kuwa hapo ndipo karo ya mtu inapoamuliwa. Ila shika jambo moja kwanza: mfumo huu hausikilizi shida, unasoma rekodi. Shida isiyo na nambari, cheti au barua ya kuithibitisha haionekani huko ndani.

Kabla ya kufungua akaunti

Wengi hukwama hata kabla ya swali la kwanza, na kinachowakwamisha ni laini ya simu. Nambari utakayojaza inafaa iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe, maana ndiko unakotumwa ujumbe wa kuthibitisha na ndiko pesa za kujikimu zitakakopitia. Vijana wengi wa Nairobi humaliza shule ya upili wakitumia laini ya mama au ya kaka mkubwa. Laini hiyo inapiga simu na inapokea M-Pesa vizuri, kwa hiyo hakuna anayeishuku hadi siku ya pesa. Kama uko Safaricom, piga *106# ufuate maelekezo uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Unayoitumia isipokuwemo, nenda dukani kwao na kitambulisho, chukua laini yako, fungua M-Pesa, ndipo urudi kwenye fomu. Ukingoja kufanya hivyo pesa zikiwa zishatumwa, jiandae kwa foleni.

La pili ni majina. Tovuti hulinganisha nambari yako ya mtihani na nambari ya kitambulisho, na hapo herufi moja inatosha kuzua balaa: Muthoni kwenye cheti, Mutoni kwenye kitambulisho. Toa stakabadhi zote mbili uzilaze mezani uzisome neno kwa neno. Ukiona tofauti, anza kurekebisha siku hiyo hiyo, kwa sababu kusahihisha jina ni suala la wiki kadhaa na tarehe ya mwisho ya maombi haikungojei. Aliye chini ya miaka 18 hutumia cheti cha kuzaliwa, lakini akitimiza umri aombe kitambulisho mara moja, maana laini ya simu bado itahitaji jina lake.

Vingine vya kuwa navyo mkononi: nambari na mwaka wa KCSE, nambari na mwaka wa KCPE (mtihani wa mwisho wa shule ya msingi), ambayo ilifanywa mara ya mwisho 2023 kwa hiyo swali hilo bado lipo, barua ya kujiunga na chuo, picha ya pasipoti ya rangi, nambari za vitambulisho vya wazazi, na wadhamini wawili wenye vitambulisho na simu zinazopatikana. Mzazi anaruhusiwa kuwa mdhamini. Mzazi akiwa amefariki, tafuta cheti cha kifo mapema. Familia nyingi zina kibali cha mazishi na zinadhani ndicho cheti. Sicho, na pengo hilo huwagharimu mayatima bendi waliyostahili.

Kama ulisomeshwa na mfadhili shule ya upili, barua yake ni muhimu kuliko karatasi nyingine yoyote katika rundo hilo. Tutaona kwa nini.

Kuhusu saiba, yaani maduka ya kompyuta na intaneti: skani za saiba ni nzuri kuliko picha ya simu yenye kivuli cha mkono, na kitambulisho kiskaniwe pande zote mbili, pembe nne zikionekana. Lakini usikubali jamaa wa saiba akufungulie barua pepe mpya kwa haraka zake. Nenosiri atalijua yeye, wewe utasahau hata anwani, na miezi mitatu baadaye jibu la ombi lako litakuwa kwenye sanduku lisilofunguka. Fungua barua pepe yako nyumbani, andika nenosiri kwenye daftari, na ukimaliza kwenye kompyuta ya watu utoke kwenye akaunti.

Fomu yenyewe

Hapa hatuna malalamiko makubwa. Unajisajili kama mwombaji wa mara ya kwanza, unathibitisha barua pepe na simu, kisha unajaza sehemu moja baada ya nyingine: maelezo yako, shule ulizosoma, wazazi, ndugu walio shuleni, mapato ya nyumbani, wadhamini. Ukiwa na karatasi zote, ni kazi ya kikao kimoja. Mwishoni unaomba ufadhili na mkopo. Mkopo si lazima. Anayetaka ufadhili peke yake anaweza kuuacha, lakini ajue pengo la karo litabaki mikononi mwa familia, na pesa za kujikimu pia hatazipata, kwa kuwa nazo ni sehemu ya mkopo.

Kosa linalojirudia ni kujaza hadi mwisho, kuhifadhi, na kufunga ukurasa bila kuwasilisha. Fomu iliyohifadhiwa ni rasimu tu. Hakikisha umeona ujumbe wa kuthibitisha, kisha pakua nakala au ipige picha. Kosa jingine ni kungoja usiku wa mwisho, wakati nchi nzima iko kwenye tovuti hiyo hiyo.

Kuomba ni bure. Anayekuambia ana mtu ndani atakayekupandishia ufadhili kwa elfu mbili tatu ni mwizi, hata akikutumia picha ya kitambulisho cha kazi.

Bendi, na hesabu zake

Majibu yako hupimwa kwa kuangalia hali ya wazazi, ukubwa wa familia, jinsia, ulemavu, eneo unalotoka na gharama ya kozi, kisha unawekwa katika bendi moja kati ya tano. Viwango vya mapato ya familia kwa mwezi vilivyotangazwa ni hivi: Bendi ya 1 haizidi shilingi 5,995, ya 2 inafika 23,670, ya 3 inafika 70,000, ya 4 inafika 120,000, na ya 5 ni zaidi ya hapo. Ufadhili hushuka kutoka asilimia 70 ya gharama ya kozi, hadi 60, 50, 40 na 30. Mkopo wa karo ni asilimia 25 kwa Bendi ya 1 na 30 kwa nne zilizobaki. Familia hulipa asilimia 5, 10, 20, 30 au 40. Mkopo wa kujikimu kwa mwaka ni 60,000, 55,000, 50,000, 45,000 na 40,000.

Chukua kozi ya shilingi 300,000 kwa mwaka. Wa Bendi ya 1 anapata ufadhili wa 210,000, mkopo wa karo 75,000, na familia inatoa 15,000. Wa Bendi ya 3 anapata 150,000 na mkopo wa 90,000, familia inatoa 60,000. Wa Bendi ya 5 anapata 90,000 na mkopo wa 90,000, na nyumbani wanatoa 120,000.

Sasa jumlisha deni, ukiweka na la kujikimu. Bendi ya 1: 135,000 kwa mwaka. Bendi ya 3: 140,000. Bendi ya 5: 130,000. Kwa kozi ya miaka minne ni 540,000, 560,000 na 520,000, kabla ya riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Yaani mtoto wa familia isiyofikisha elfu sita kwa mwezi anamaliza chuo na deni kubwa kidogo kuliko la mtoto wa familia inayopita laki moja na ishirini. Bendi huokoa mfuko wa mzazi leo. Mfuko wa mhitimu kesho hauguswi sana. Wazazi wengi wanaofurahia Bendi ya 1 hawajaifanya hesabu hii.

Udhaifu mwingine ni upana wa bendi zenyewe. Ya 3 inaanza baada ya 23,670 na kuishia 70,000. Ndani yake yumo baba bawabu anayepanga chumba kimoja Pipeline na mume na mke wenye mishahara miwili wanaopanga nyumba ya vyumba viwili South B. Wote wataambiwa watoe asilimia 20. Kwa mji ambao kodi ya nyumba hula mshahara kabla ya chakula, mstari huo ni mpana mno.

Kisha kuna watu wasio na hati ya mshahara, ambao Nairobi ndio wengi, na hapa ndipo makosa ya kujaza hugeuza kila kitu. Mama anayeuza mboga hununua mali katika soko la Marikiti alfajiri. Muulize anapata ngapi kwa siku, atakuambia elfu tatu, kwa sababu hizo ndizo pesa zinazopita mkononi mwake. Lakini mali ya siku hiyo ilikuwa 2,300 na usafiri wa magunia 200. Kilichobaki ni 500. Kwa siku 26 za kazi, mauzo ni 78,000 na faida ni 13,000. Ukiandika ya kwanza uko Bendi ya 4. Ukiandika ya pili uko Bendi ya 2. Kwa kozi ile ile ya 300,000, familia itatakiwa kutoa 90,000 badala ya 30,000. Swali ni la mapato ya nyumbani, na mapato ya mfanyabiashara ni kinachobaki baada ya kununua mali na kulipa gharama za kazi. Kaeni na mzazi mfanye hesabu ya mwezi wa kawaida, si mwezi wa sikukuu wala mwezi wa mvua kubwa. Vivyo hivyo kwa bodaboda: toa mafuta, toa pesa za mwenye pikipiki, ndipo uandike.

Hatusemi mtu ajifanye maskini. Kutoa habari za uongo ni kosa kisheria, na majibu yasiyopatana hujianika: nyumba inayodai kupata 5,000 kwa mwezi huku ikilipia watoto wawili shule za kibinafsi inahitaji maelezo.

Na sasa ile barua ya mfadhili. Shule uliyosoma na karo yake huchukuliwa kama dalili ya uwezo wa nyumbani. Mtoto wa Mathare aliyepata alama nzuri akalipiwa na wakfu au kanisa kwenda shule kubwa ya bweni ataonekana, kwa mfumo, kama mtoto wa mwenye pesa. Ukijaza jina la shule bila kuonyesha nani alilipa, umejipandisha bendi kwa mkono wako. Barua itaje jina lako, miaka uliyofadhiliwa na kiasi kilicholipwa, iwe na muhuri na sahihi.

Ukipewa bendi usiyoistahili

Kuna rufaa, na hufanyiwa kwenye tovuti hiyo hiyo katika kipindi kinachotangazwa. Rufaa inayosema "wazazi wangu hawajiwezi" haiendi popote, kwa kuwa kila mtu anasema hivyo. Inayofaulu ni ile inayoonyesha kitu ambacho ombi la kwanza halikuwa nacho: cheti cha kifo kilichopatikana baadaye, barua ya mwajiri ya kuachishwa kazi, stakabadhi za hospitali za mgonjwa wa muda mrefu, barua ya mfadhili, hati za karo za ndugu watatu walio shuleni kwa wakati mmoja. Barua ya chifu husaidia ikiambatana na hivyo. Peke yake ni nyepesi. Taja kosa lilipo kwenye fomu, sema takwimu sahihi ni ipi, bandika ushahidi. Sentensi tano zinatosha.

Ofisi za HELB ziko Anniversary Towers, University Way, hatua chache kutoka bewa kuu la Chuo Kikuu cha Nairobi, na kuna dawati la huduma Huduma Centre ya GPO. Nenda huko kwa matatizo ya akaunti: nambari ya simu iliyobadilika, jina lisilolingana, pesa zilizorudi. Usiende ukitarajia karani akubadilishie bendi dirishani. Hali ya mkopo unaweza kuiangalia bila nauli kwa *642# au programu ya HELB kwenye simu.

Pesa zinavyofika

Ufadhili na mkopo wa karo huenda moja kwa moja chuoni. Kwako hufika za kujikimu pekee, kwa awamu za muhula. Mchango wa familia hulipwa na familia, na vyuo kwa kawaida hutaka sehemu ya muhula wa kwanza wakati wa kuripoti. Kwenye mfano wetu wa Bendi ya 3, hiyo ni 30,000.

Pesa za serikali zimezoea kuchelewa, na akaunti yako ya chuo huenda ikasoma deni la mamia ya maelfu wiki ya kwanza. Chapisha ukurasa unaoonyesha mgao wako na uubebe siku ya kuripoti pamoja na risiti ya mchango wa familia. Ofisi ya fedha inaujua ukurasa huo.

Za kujikimu nazo usizitegemee kwa mwezi wa kwanza. Hata zikifika kwa wakati, 60,000 kwa miezi minane ya masomo ni 7,500 kwa mwezi. 40,000 ni 5,000. Aliyepata kitanda katika bweni la chuo atajikaza. Aliyeitwa chuo cha katikati ya jiji, kama Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya kilichoko Haile Selassie Avenue, na ikambidi apange Ngara, au wa Kenyatta anayepanga Kahawa Wendani, atadaiwa kodi pamoja na amana kabla ya mhadhara wa kwanza. Tenga pesa hizo kando na karo. Kuomba bweni mara tu dirisha la chuo linapofunguliwa kunaokoa pesa nyingi kuliko rufaa nyingi.

Nje ya HEF

Ufadhili wa Hazina ya Vyuo Vikuu ni wa walioitwa vyuo vya umma. Aliyechagua chuo cha kibinafsi anabaki na mkopo, na hilo linafaa kujulikana wakati wa kuchagua kozi KUCCPS, si baada ya barua kutoka. Vyuo hivyo vina misaada yao: Strathmore, pale Madaraka, ina ofisi ya misaada ya karo, na USIU-Africa, karibu na Thika Road, imekuwa mshirika wa mpango wa ufadhili wa Mastercard Foundation. Maombi yake ni tofauti na ya kujiunga na chuo, na yana tarehe zake.

Basari ya NG-CDF, hazina ya serikali ya maendeleo ya maeneo bunge, ipo katika maeneo bunge yote 17 ya Nairobi. Fomu hupatikana ofisi ya eneo bunge, chifu huweka muhuri, unaambatanisha barua ya chuo na muundo wa karo, na hundi huandikwa kwa jina la chuo. Kiasi huwa kidogo ukilinganisha na karo ya chuo kikuu, lakini kinaweza kuziba mchango wa familia wa Bendi ya 1 au ya 2. Andika nambari yako ya usajili wa chuo kila mahali. Hundi yenye majina mawili tu yasiyo na nambari inaweza kukaa kwenye ofisi ya fedha muhula mzima bila kuingizwa kwenye akaunti ya mtu.

Waliopata alama za juu kabisa watazame Equity Leaders Program, inayotoa kazi ya mafunzo yenye malipo kwenye matawi ya benki na ushauri wa kuomba vyuo vya nje, na KenSAP, ambayo tangu 2004 imekuwa ikiwapeleka wanafunzi werevu wasiojiweza kwenye vyuo vya Marekani. Ushauri wa EducationUSA katika ubalozi wa Marekani, Gigiri, nao upo kwa anayetaka kujipangia mwenyewe.

Turudi kwa mkopo, kwa jambo moja ambalo wa mwaka wa kwanza hulisahau. Mkopo huombwa upya kila mwaka wa masomo. Ukifika mwaka wa pili bila kuomba tena, ile asilimia 25 au 30 ya karo na pesa zote za kujikimu hazipo. Na baada ya kuhitimu, malipo huanza mwaka mmoja baadaye, uwe na kazi au huna. Anayenyamaza hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi. Ambaye hajapata kazi aiandikie HELB mapema kueleza hali yake, kabla faini haijaanza kuhesabiwa.